Mzee aliyesaini ndege haji tena hangarini. Je, nimfuate?

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni kijana wa Mombasa, sasa naishi Lincolnshire, Uingereza, huu mwaka wa sita. Siku za kazi niko kiwandani. Jumamosi hujitolea kwenye hangari dogo la ndege za zamani, ambako tunazifufua na kuzirusha ndege za wakati wa vita. Mwezi uliopita rubani wetu mmoja alianguka na ndege, akafariki. Tumeshamzika. Tangu siku hiyo hangari limepoa. Pale ndege ilipokuwa ikikaa, trei ya kukingia oili bado iko chini na hakuna aliyeigusa. Linaloniumiza zaidi ni fundi wetu mkubwa, mzee aliyepita sabini, ambaye saini yake ndiyo ya mwisho kwenye makaratasi ya ndege ile. Haji tena, na simu hapokei. Wenzangu wanasema tumwache apumue, atarudi mwenyewe. Wengine wanaogopa hata kumsalimia kwa kuwa uchunguzi unaendelea. Mimi nimelelewa kwamba mfiwa hafichwi, hufuatwa. Lakini niko ugenini, sijui kama nitafanya wema au nitakosa adabu. Nimfuate? Nikifika niseme nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Wape pole na wenzio. Waambie imetoka kwa fundi wa Tanga ambaye hawamjui, lakini harufu ya hangari lao anaijua.

Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Mfuate. Usingoje Jumamosi, wala usingoje apokee simu. Ulivyolelewa ndivyo, na ugeni haubadilishi hilo. Unabadilisha tu namna ya kubisha hodi.

Nimeshika spana za ndege miaka thelathini na nne, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni kukaa na mafundi na marubani waliopatwa na ajali. Lakini hili ninalokuambia sikulipata darasani. Nililipata miaka ya themanini, nilipokuwa mimi ndiye huyo mzee wako, ila nilikuwa bado kijana.

Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja. Rubani alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukinunua mihogo ya kuchoma kwa mama mmoja nje ya geti la uwanja, tunakula tumesimama. Asubuhi ile nilimaliza ukaguzi wa kila baada ya saa mia moja za kuruka, nikafunga kifuniko cha injini, nikasaini. Akaipitishia saini yangu kidole, kama alivyozoea, akasema, "Fundi keshasema," akapanda. Saa tisa alasiri tukaambiwa hajafika. Kesho yake ndege ikaonekana mlimani.

Kilichonisumbua zaidi ni mikono. Nikilala, vidole vinarudia kazi ile ile. Vinakaza filta ya oili, vinasokota waya wa kufungia nati, vinahesabu plagi. Nafika plagi ya tatu, halafu sikumbuki kama niliikaza. Niliikaza, leo nina yakini. Lakini usiku ule hakuna mwanadamu ambaye angeniaminisha. Wenzangu kazini walinipenda, na kwa sababu walinipenda waliniacha. Wakipita karibu na meza yangu walishusha sauti. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja, na hakuna aliyekaa. Ule ukimya nikausoma kama hukumu.

Aliyekuja ni mlinzi wa geti, mzee wa Lindi ambaye injini hakuijua hata kidogo. Alifika nyumbani jioni na kilo ya sukari mkononi, kama watu wanavyokwenda msibani, akavua viatu, akaketi jamvini, akasema, "Nimekuja kukupa pole kwa rafiki yako." Alikuwa mtu wa kwanza kunipa pole. Wengine wote pole waliipeleka kwa mjane, na ilikuwa haki yake, lakini hakuna aliyefikiri kwamba hata mimi nimefiwa. Alikaa mpaka saa nne usiku. Sehemu kubwa ya muda ule hatukusema kitu. Kesho yake akarudi.

Ripoti ilitoka baada ya miezi minane. Injini ilikuwa ikifanya kazi mpaka mwisho. Ndege iliingia mawinguni na mlima ukawa mbele yake. Usidhani ripoti ndiyo iliyoninyanyua. Ilinikuta nimeshasimama. Aliyenishika miezi ile minane ni mlinzi wa geti.

Sasa mzee wako. Mzigo wake ni mzito kuliko wangu, na ningependa uujue kabla hujafika mlangoni kwake.

Ndege ya abiria ya leo ina kiwanda kinachoijua kila nati yake, vipuri vipya na kompyuta zinazorekodi kila inachofanya. Ndege ya vita ya miaka ya 1940 imeshawazika wengi wa walioiunda. Injini kama Merlin ya Rolls-Royce, ya silinda 12 na lita 27, ile inayoendesha Spitfire na Hurricane na Lancaster, leo inatunzwa na watu wachache, na sehemu ya ujuzi wao imo masikioni na vidoleni. Kwenye shirika kubwa rubani anaweza kuruka miaka bila kumjua kwa sura fundi aliyesaini. Kwenu walikuwa wakinywa chai meza moja kila Jumamosi. Na kwenye ndege hizi mara nyingi fundi ndiye anayepanda bawani kumsaidia rubani kufunga mikanda. Kama kwenu ilikuwa hivyo, basi mikono ya mzee huyo huenda ndiyo ya mwisho kumgusa marehemu akiwa hai. Likumbuke hilo ukiiona ikitetemeka.

Kuna jambo hukuliandika, nami naliuliza. Saini ya pili ni ya nani? Kazi ikigusa mfumo wa kuongozea ndege, utaratibu wa Uingereza unataka mtu wa pili aikague upya kwa macho yake, asaini naye. Watu hudhani saini mbili hugawa mzigo nusu kwa nusu. Haziugawi. Kila mmoja anaubeba wote. Huenda mwenye saini ya pili ni kijana anayekuja kila wiki, anayetania watu na kufagia bila kuambiwa, na nyote mnaona hana neno. Mtazameni na huyo.

Wewe uko Lincolnshire, kwa hiyo yaliyotokea Coningsby yalikuwa ya jirani zako. Pale ndipo nyumbani kwa Battle of Britain Memorial Flight, kikosi cha jeshi la anga la Uingereza kilichoanzishwa Biggin Hill Julai 11, 1957 na kuhamia Coningsby mwaka 1976. Kina Spitfire, Hurricane, Dakota, na Lancaster PA474, moja kati ya mbili tu zinazoruka duniani. Ya pili iko Hamilton, Kanada. Jumamosi ya Mei 25, 2024, kabla kidogo ya saa saba na dakika ishirini mchana, Spitfire MK356 ilianguka shambani karibu na kituo, na Squadron Leader Mark Long akafariki. Alikuwa rubani wa Typhoon, ndege ya kivita ya kisasa, pale pale Coningsby. Kuzirusha ndege za zamani ilikuwa kazi ya ziada ya kujitolea, kama ilivyo kwa marubani wengine wa kikosi hicho, na alikuwa ameshachaguliwa kukiongoza kuanzia Oktoba mwaka ule.

Kikosi kikasimamisha ndege zake. Hebu hesabu siku. Toka Mei 25 mpaka Juni 6 ni siku 12, na Juni 6, 2024 ndiyo siku dunia ilipokusanyika Normandy, Ufaransa, kuadhimisha miaka 80 tangu majeshi ya washirika yateremke pale katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa ndege za aina hii hakuna siku kubwa kuliko hiyo. MK356 yenyewe ilikuwa kwenye vita vile vya Normandy mwaka 1944, mikononi mwa marubani wa Kanada wa skwadroni ya 443. Wazee waliopigana walikuja, wengine wamekaribia au wamepita miaka mia, na wakatazama juu. Kikosi hakikuruka.

Nimelifikiria sana jambo hili. Wapo waliosema ni hasara, siku kama ile hairudi. Mimi naona walifanya sawa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: hujui kilichoiangusha moja, huwezi kuziamini dada zake. Ya pili ni ya moyo. Kwetu mwenye duka akifiwa hufunga duka, na hakuna anayesema amefilisika. Wanaonunua kwake hupita wakaona mlango umefungwa, wakajua kuna msiba, wakaingia kutoa pole. Pengo lile angani juu ya Normandy ndilo lililokuwa duka lililofungwa.

Nakuambia haya kwa kuwa bila shaka na ndege zenu zimesimamishwa, na mzee huko aliko anajisomea kwamba zimesimamishwa kwa sababu yake. Ukipata nafasi, mweleze kwamba Coningsby nao walifunga duka, na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya fundi fulani.

Wenzako wanaoogopa kwa sababu ya uchunguzi, waelewe kwanza uchunguzi wenyewe ni nini. Ajali za ndege za kiraia Uingereza huchunguzwa na AAIB, idara ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1915, na inafuata kanuni za kimataifa, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago. Kiambatisho hicho kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kuchukuliwa kwa vitabu vya kumbukumbu za ndege ni utaratibu. Kuchukuliwa kwa sampuli ya mafuta ni utaratibu. Fundi kuhojiwa ni utaratibu. Kwa aliyesaini, yote matatu yana sura ya pingu, kwa hiyo ayasikie kwa sauti ya rafiki, na zaidi ya mara moja.

Kuna kisa kimoja akijue, maana kitampunguzia hofu. Agosti 22, 2015, ndege aina ya Hawker Hunter ilianguka kwenye maonesho ya ndege ya Shoreham, Uingereza, na watu 11 wakafariki. Polisi wa Sussex, jimbo lenye mji huo, wakaenda mahakamani wakitaka wapewe vitu wachunguzi walivyokuwa navyo. Septemba 2016 Mahakama Kuu ikaruhusu picha za video zilizopigwa ndani ya ndege, lakini ikakataa kutoa maelezo ambayo rubani aliwapa wachunguzi. Watu wakijua maneno yao yatageuzwa kesi hawatasema, na wasiposema ajali itarudi. Kwa hiyo azungumze na wachunguzi kwa uwazi. Polisi wakimwita, hilo ni shauri jingine. Asiende bila mwanasheria, hata kama hana la kuficha.

Wewe usimuulize kilichotokea. Usigusie hata injini. Akianza mwenyewe, msikilize, ila usimchimbe na usitoe dhana yako. Na hapo hangarini zuieni dhana kabisa. Mnakumbuka Dallas, Novemba 12, 2022, ndege mbili za zamani za Commemorative Air Force, shirika la Marekani la kutunza ndege za vita, B-17 na P-63, zilipogongana mbele ya watazamaji na watu sita wakafa. Jua halijatua, video zilikuwa zimeshazunguka dunia, na watu ambao hawajawahi kugusa spana walikuwa wanatangaza nani kakosea. Familia za marehemu zina simu. Mafundi wana simu. Kila dhana inafika.

Lakini hakuna mchunguzi anayekataza watu kunywa chai pamoja. Uchunguzi unafunga mdomo juu ya ndege, haufungi juu ya marehemu.

Sasa namna ya kwenda. Kwa Waingereza wengi, kufika bila taarifa ni kumvamia mtu. Mtumie ujumbe mfupi usiodai majibu: leo saa kumi jioni nitapita, nitabisha mara moja, usipofungua nitaacha nilicholeta mlangoni na nitapita tena Alhamisi. Halafu fika saa kumi kamili, si saa kumi na robo. Wenye huzuni ya namna hii hukaa dirishani wakihesabu.

Peleka chakula cha kupasha moto, na usikitie kwenye vile vyombo vya kutupa. Tia kwenye chombo chako kizuri, cha kurudishwa. Unajua kwetu kazi ya chombo hicho: kinampa aliyeleta sababu ya kurudi, na kinampa aliyepokea jambo dogo la kufanya, kukiosha na kukiweka karibu na mlango.

Akifungua, mwambie alivyoniambia mlinzi wangu: nimekuja kukupa pole kwa rafiki yako. Hapa kuna mtego wa lugha. Kiingereza hakina neno pole. Neno lao la kumsikitikia mtu ndilo hilo hilo la kuomba radhi, na mtu aliyejaa hatia akilisikia linamgusa mahali pabaya. Basi usiishie kwenye neno hilo. Mtaje marehemu kwa jina lake. Sema unamkumbuka, useme jambo moja ulilolijua wewe, alivyokuwa akikoroga chai au wimbo aliokuwa akiupigia mluzi akizunguka ndege. Watu wengi wameacha kulitaja jina hilo mbele yake. Litaje.

Usimwambie, "Si kosa lako." Najua linakutoka mdomoni kwa upendo. Lakini hujui, na yeye anajua kwamba hujui, kwa hiyo atalihesabu kama maneno ya kumbembeleza mtoto, na kesho hatakuamini hata ukisema kweli. Sema unalolijua: nilikuona ukikagua kwa tochi na kioo, halafu ukarudia. Kisha sema lile ambalo, katika yote niliyoandika leo, nataka usilisahau: ripoti iseme itakavyosema, mimi Jumamosi nitakuja.

Umejiuliza, bila shaka, itakuwaje ripoti ikisema ni yeye. Inatokea, na nimekaa na watu wawili wa namna hiyo. Mmoja alisahau kitambaa mahali ambapo kitambaa hakitakiwi kuwa. Alipoeleza siku yake, tukakuta amekatizwa mara tatu kwenye kazi ile ile, taa ya upande mmoja ilikuwa mbovu kwa wiki mbili, na aliyepaswa kukagua baada yake alikuwa ameitwa kwingine. Kosa lilikuwa lake na hakulikana hata siku moja. Lakini lilipita milango mingi iliyoachwa wazi na wengine kabla ya kufika kwenye mikono yake. Mtu huyo aliishi. Aliishi kwa sababu watu walioanza kuja kwake kabla ya ripoti waliendelea kuja baada yake. Ndiyo maana nakuhimiza uanze sasa. Ukingoja ripoti ndipo uende, utakuwa umemwambia kwamba pole yako ina masharti.

Mtu akitaka kuwakusanya nyote kwenye viti vya duara, kila mmoja asimulie upya siku ile dakika kwa dakika mpaka itoke moyoni, kataeni. Zamani ilidhaniwa ni dawa. Utafiti haukuonyesha kwamba kikao cha aina hiyo kinazuia maradhi ya kiwewe, na mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema kisitolewe. Kinachofaa siku za mwanzo ni kile ambacho bibi zetu walikifanya bila mwongozo: kuwa karibu, kuhakikisha mtu amekula na amelala, kumsikiliza akitaka kusema, na kumfikisha kwa wanaoweza kumsaidia zaidi.

Na hao wa kumsaidia zaidi wanahitajika lini? Wiki za mwanzo usingizi kupotea ni kawaida, na mikono kurudia kazi usiku ni kawaida. Mwezi ukipita na hali haishuki, au inapanda, amwone daktari wake. Yapo matibabu ya mazungumzo yenye nguvu kwa kiwewe na hayana aibu. Mtazame akianza kunywa peke yake, akianza kugawa vifaa vyake vya kazi, au akisema afadhali ningekuwa mimi. Ukiona hayo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usiogope, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, humpa ruhusa ya kulitoa. Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, wako kwenye simu 116 123 usiku na mchana, bure kwa Uingereza yote. Na kama alipata kutumikia jeshi la anga, na wazee wengi wa mahangari hayo walitumikia, RAF Benevolent Fund, mfuko wa misaada wa jeshi hilo, ipo kwa ajili ya watu kama yeye tangu 1919. Mara nyingi mzee hawezi kupiga simu ya kujiombea msaada. Kaa naye wakati anapiga, au mpigie wewe naye akiwa pembeni.

Kurudi hangarini kusiwe kurudi kwenye ndege. Mpeni kazi ambayo haimbebi mtu angani: kupanga bisibisi, kutengeneza kiti, kumfundisha mmoja wenu kusokota waya wa kufungia nati. Asiwe peke yake hata dakika moja siku ile ya kwanza, na asizungukwe pia. Mtu mmoja anatosha. Kusaini asisaini mpaka aseme mwenyewe yuko tayari, na siku akisema, muaminini. Ukimwambia karibu halafu ukamficha kalamu, umemhukumu.

Na msimharakishe. Jamii hii ya ndege za zamani ina subira ambayo watu wa nje hawaijui. Hurricane LF363 ya kikosi hicho cha Coningsby iliharibikiwa injini Septemba 1991, ikaanguka na kuungua uwanjani Wittering. Rubani alitoka akiwa amevunjika kifundo cha mguu. Ndege ilibaki mifupa. Waliuza Spitfire moja, PS853, ili wapate fedha za kuifufua, na ilirudi angani mwaka 1998. Kama bati na mbao zilisubiriwa miaka saba, mtu naye asubiriwe.

Siku mtakayoruka tena, pengine wataomba ile heshima ya marubani: ndege zinakuja kwa mpango wa herufi ya V, halafu moja inajitenga na kupanda juu peke yake, pengo linabaki. Ni ibada nzuri, na mimi huwa siwezi kuitazama mpaka mwisho. Lakini angalieni wapi mafundi wanasimama. Nimehudhuria moja ambapo viti vya mbele vilikuwa vya marubani na wageni, na mafundi walikuwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, wameshika mifuko yao. Msifanye hivyo. Muulize mzee, siku nyingi kabla, kama angependa yeye ndiye aondoe vizuizi vya magurudumu kabla ndege haijaanza kusogea. Akikataa, sawa. Aulizwe.

Nawe pia umefiwa, mwanangu, ingawa barua yako yote umeandika habari za mtu mwingine. Mpigie mama yako Mombasa, umwambie jina la rafiki yako aliyefariki, akuombee na akulilie kidogo kwa lugha yako. Ugenini msiba huganda ndani.

Ile trei ya oili msiitoe, na msiigeuze kumbukumbu pia kwa kuiwekea maua. Iacheni ilivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiitoa kila Jumamosi, bila shaka. Siku atakayoingia mlangoni ataiona kabla ya kitu kingine chochote. Akiinama kuishika, wewe shika upande wa pili.

Andaa chakula leo. Niandikie ukishatoka kwake.